Mdondoo, Si Video ya Muda Uliopita

Miongoni mwa istilahi za upigaji picha zilizoingizwa katika Kiswahili kwa pupa, ni chache zilizokaa vibaya kama "video ya muda uliopita", inayokusudiwa kutaja video ambayo kamera huiunda kwa kuchukua fremu moja, yaani picha moja tuli, kila baada ya mwanya fulani wa sekunde, kisha fremu hizo zikaoneshwa mfululizo kwa kasi ya kawaida ya 25 au 30 kwa sekunde, hata safari ya saa nzima ya baiskeli ikaisha kwa dakika chache. Kwa Mswahili, muda uliopita ni zamani. Akiambiwa kwamba mwendesha baiskeli amefunga kamera ndogo kwenye usukani akapiga video ya muda uliopita, ataelewa kuwa video hiyo ni ya mwaka juzi, au, kama ni karani, ataiweka pamoja na leseni zilizokwisha muda wake.

Kosa hilo lina asili yake. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa, lapse katika time-lapse, limetokana na lapsus ya Kilatini, nomino ya kitenzi chenye maana ya kuteleza, na waliolitafsiri walishika huko kuteleza kwa muda wakasahau kazi inayofanywa na kamera. Wajerumani, ambao hawakuona haja ya kufuata Kilatini, huiita Zeitraffer, kutokana na kitenzi raffen, yaani kukusanya kwa kunyakua: walitazama kitendo, wakakipa jina. Wapo pia wanaopendekeza "video ya mwendokasi", pendekezo ambalo mtu aliyewahi kusimama kituoni Kimara hahitaji kuelezwa kwa nini halifai, maana huko Dar es Salaam mwendokasi ni basi.

Istilahi inayotetewa hapa ni mdondoo, kutoka kitenzi dondoa, yaani kuokota kitu kimoja kimoja, kama punje za mpunga zilizomwagika mkekani. Umbo lake si geni, kwa kuwa kiambishi m- na kiishio -o ndivyo vilivyozaa mchezo, msemo na mwendo. Wingi wake ni midondoo, mtendaji ni mdondoaji, na kauli ya kutendwa inakubali bila kulazimishwa: safari ilidondolewa kwa mwanya wa sekunde mbili. Kamati moja ililikataa neno hili kwa hoja kwamba dondoo tayari ni kifungu kilichotolewa katika maandishi. Hoja hiyo inashangaza, kwa sababu undugu wa maana ndio unaotafutwa katika kuunda istilahi, na kiambishi cha ngeli kinatosha kuyatenganisha maneno hayo mawili kwa yeyote anayesikiliza. Wanakamati walewale hawakuona tabu kupitisha istilahi ya maneno manne isiyonyambulika hata mara moja.

Ushahidi mzito zaidi umetoka katika fani yenyewe. Zamani udondoaji ulikuwa wa kufuata saa tu, kama katika filamu ya F. Percy Smith ya mwaka 1910, The Birth of a Flower, ambamo maua huchanua mbele ya mtazamaji kwa sababu kamera ilitulia na kuokota fremu kwa mwanya uliopangwa. Juu ya baiskeli utaratibu huo hulegalega: kila fremu huchukuliwa baiskeli ikiwa imeinama upande wake, na mruko kutoka fremu hadi fremu huukuza mtikisiko ambao katika video ya kawaida usingeonekana. Ndiyo maana watafiti wa Microsoft, katika kazi iliyotolewa mwaka 2015, walibuni programu isiyochukua fremu kwa mwanya ulio sawa, bali inayochagua, kati ya fremu jirani, zile zinazolingana vizuri zaidi. Kuchagua punje nzima na kuacha chuya ndiko kudondoa kwenyewe, wala hakuna muda uliopita unaoweza kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo ipo haja ya kutenganisha mdondoo wa kituo, ambao kamera yake haisogei, na mdondoo wa mwendo, ambao kamera yake husafiri.

Kuhusu matumizi, machache yanatosha. Baiskeli iendayo kilomita 18 kwa saa hukata mita 5 kila sekunde, kwa hiyo kwa mwanya wa sekunde 10 daladala lililojaza fremu moja halimo katika fremu ifuatayo, na mtazamaji huona picha zisizohusiana. Kwa mwanya wa nusu sekunde hatua ni mita 2.5, nayo barabara hutiririka. Saa moja hapo hutoa fremu 7,200, ambazo kwa kasi ya 30 ni mdondoo wa dakika 4.