Sauti Hii Inafaa Taarabu? Ubishi wa Watu wa Rumonge

Watu wa Rumonge tunajulikana kwa vitu vitatu: mawese, ndagala na ubishi. Mawese na ndagala tuliviacha nyumbani. Ubishi tumekuja nao mpaka hapa Nyarugusu, na katika ubishi wote niliousikia tangu 2015, sijaona uliowasha watu kama huu: sauti gani inafaa kuimba taarabu ya zamani, na ipi haifai.

Nauandika ubishi huu kama historia kwa sababu ndivyo ulivyo. Mtu akisema "sauti ile haifai", anasema pia wimbo ni wa nani, nani aliurithi na kwa njia gani. Na sisi Waswahili wa ufukweni neno "kufaa" tunalijua vizuri. Huko Burundi, ukimwita mtu Muswahili mara nyingi una maana kwamba ni mjanja, mwongo, mtu asiye na shamba. Ukivuka ukaja Tanzania, unafungua mdomo tu na mtu anakwambia, "Hicho Kiswahili chako cha wapi?" Kule si Warundi kamili, huku si Waswahili kamili.

Kilichowasha moto safari hii ilikuwa harusi. Familia moja ya kwetu ilitaka nyimbo za zamani, na anayejua kuimba alikuwa binti mmoja aliyekulia kwenye kwaya. Sauti yake nzito, inajaa mahali pote bila kipaza sauti. Wazee wakakataa. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mbele. "Ile ni sauti ya kuita watu kisimani," alisema. "Taarabu haiitwi, taarabu inanong'onezwa mtu aliye karibu." Mzee mmoja fundi cherehani akamjibu, "Dada yangu, na Bi Kidude je? Yeye alinong'ona lini?" Hapo pakawa hapakaliki.

Tuanze mbali kidogo. Kiswahili kilifika ufukweni kwetu katika karne ya 19 kwa mitumbwi na majahazi kutoka Ujiji, pamoja na nguo, chumvi, pembe za ndovu, biashara ya watumwa na dini ya Kiislamu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka hapo hapo Ujiji kwa mtumbwi, wakapita ufukwe wetu mpaka kwenye mdomo wa mto Rusizi. Muhammad bin Khalfan, yule aliyeitwa Rumaliza, alitaka kupanda milimani kuitawala Burundi. Mwezi Gisabo na watu wake wakamzuia. Kwa hiyo Kiswahili kikabaki chini kwenye joto, Rumonge, Nyanza-Lac na baadaye mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, na juu milimani kikabaki Kirundi peke yake.

Na milimani nako kuna kuimba, tusijisahau. Wanawake wa Kirundi wana salamu ya kuimbwa inaitwa akazehe: wawili wanapokezana haraka haraka, sauti inaruka kutoka kifuani kwenda kichwani na kurudi. Ukiisikia mara ya kwanza unadhani sauti inapasuka. Kumbe kupasuka kwenyewe ndiyo ufundi. Na kuna mpiga inanga anayeimba kwa kunong'ona tu, maneno yanakaa juu ya nyuzi kama povu. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi vitu hivi, vikatolewa kwenye santuri za Ocora. Yaani nchi ndogo kama ile, na tayari kuna namna mbili za uzuri wa sauti zisizofanana hata kidogo. Wa akazehe akipewa inanga ya kunong'ona ataambiwa hafai, na wa inanga akipewa akazehe vilevile.

Taarabu yenyewe ilitokea mbali zaidi. Unguja iliingia kwenye jumba la Sultani; husimuliwa kwamba Seyyid Barghash ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza. Mwaka 1905 ikaanzishwa Nadi Ikhwani Safaa. Waliimba Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume wenye nasaba. Katika mizani ya wakati ule, Siti binti Saad hakufaa kabisa. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika familia ya watu waliokuwa watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi, anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza. Alihamia mjini mwaka 1911. Watu walimcheka asili yake, wakamcheka sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alilieleza jambo hilo kwa heshima kubwa.

Siti aliimba Kiswahili, pamoja na akina Subeti, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Aliimba kesi za mahakamani, dhuluma kwa wanawake, mambo ya mtaani Ng'ambo. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice. Santuri zile zilitembea kuliko mtu yeyote wa jumba la Sultani alivyotembea. Aliyesemwa hafai akawa ndiye kipimo: tangu hapo kila mwanamke anayeshika taarabu anapimwa kwa Siti. Alifariki mwaka 1950.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukosea wanapozungumza habari zetu. Wanadhani taarabu ilitoka Unguja ikaja moja kwa moja ziwani. Kwa kiasi kikubwa njia yetu ilipita Tanga. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, walichukua taarabu wakaipunguzia ukubwa. Badala ya safu ya fidla kama za Misri wakatia gitaa, besi na mdundo unaochezeka. Mtindo wao ulisambaa bara mpaka Burundi, na vikundi vya Burundi vikaanza kuiga. Na sauti ya Tanga ilikuwa Shakila Saidi, Bi Shakila wa "Kifo cha Mahaba": nyembamba, safi, haina haraka, kila silabi unaiona. Mimi nilikulia Rumonge kaseti zake zikilia harusini, mwanamke anainuka na noti ya faranga mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji wetu aliyekuwa anajitahidi kumfuata Shakila pumzi kwa pumzi.

Kwa hiyo shangazi anaposema "sauti ya taarabu", anamsikia Shakila. Na ana haki yake. Yeye ni wa 72. Mwaka ule, tarehe 29 Aprili, uasi ulianza huko huko kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Watu wakauawa, kisha jeshi likaja na mauaji yakawa ya nchi nzima. Waliosalimika walivuka, wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Shangazi alikulia Ulyankulu. Kule msituni hakukuwa na harusi za Rumonge wala ziwa. Kulikuwa na redio ya betri na Radio Tanzania. Alijifunza Kiswahili upya kwa kusikiliza nyimbo. Alirudi Burundi akakuta shamba la baba yake limepandwa michikichi ya watu wengine, na 2015 akakimbia tena. Katika hayo yote, kitu alichobaki nacho kikiwa kizima ni sikio lake. Ukimwambia mizani yake ya sauti si ya kweli, unamnyang'anya shamba la pili.

Mizani yenyewe si ya kuchezea. Nilimwomba anieleze, akanihesabia kwa vidole. Kwanza matamshi: taarabu ni shairi, lina vina, lina fumbo, na neno moja likipotea fumbo limekufa. Pili pumzi: usikate neno katikati. Tatu madoido ya sauti: pinda pale tu penye maana, usipinde kila mahali kama mtu aliyepotea njia. Nne subira: ala zinapozungumza, wewe nyamaza.

Kisha akatoa hoja iliyowanyamazisha hata watetezi wa binti. Lugha ya Kirundi haina L kama ya Kiswahili, na wengi wetu L inateleza inakuwa R. Kula inakuwa kura. "Na neno mahali?" shangazi akauliza. "Aimbe harusini kwamba bwana harusi hana mahari?" Watu walicheka mpaka machozi. Lakini lile lilikuwa pigo, siyo mzaha tu. Ndilo kosa lile lile tunalochekwa nalo kila tunapofika ofisini au sokoni.

Fundi cherehani yeye aling'ang'ania Bi Kidude. Tumsikilize. Fatuma binti Baraka alisimulia mwenyewe kwamba nyimbo za Siti alizipata utotoni kwa kumsikiliza Siti akiimba. Lakini hakulelewa na udi wala kanuni peke yake. Maisha yake yalikuwa pia ngoma ya unyago, anapiga, anafunda wari, anaimba juu ya ngoma. Sauti ile ilitengenezwa kushindana na ngozi na mbao. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na sigara nazo zilitia mkono. Alipoimba "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo wa Siti, alikuwa kama mtu anayeingia nyumba ya heshima bila kuvua viatu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, dunia ikamwita malkia wa taarabu. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Wazee wa kwetu hawakumkubali hata hivyo. "Wazungu walipenda uzee wake," shangazi anasema, "siyo uimbaji wake." Kuna ukweli humo. Ukimpima Bi Kidude kwa vidole vinne vya shangazi, pumzi inakatika, na madoido ni ya unyago. Lakini matamshi? Kila neno linafika. Na hapo fundi anauliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: je, Siti mwenyewe, mfinyanzi wa Fumba, sauti yake ilikuwa karibu zaidi na ya Shakila au na ya Kidude? Tunazo santuri zilizochakaa tu, na kila upande ukizisikiliza unasikia wa kwake.

Wala hatuko peke yetu katika ubishi wa namna hii. Wapenzi wa opera Ulaya wana nyimbo za Kiitaliano za mwanzo wa karne ya 19, za akina Bellini na Donizetti, ambazo hutaka sauti nyepesi inayopanda na kushuka mbio bila kukwama. Januari 1949, mjini Venice, Maria Callas alikuwa anaimba nafasi nzito kabisa ya Wagner, ile ya Brünnhilde. Mwimbaji wa "I Puritani" ya Bellini akaugua, na Callas akaichukua nafasi hiyo, akajifunza kwa siku chache tu akaimba. Ni kama kumtoa mtu kwenye msondo leo, kesho umpe kanuni. Sauti yake ilikuwa na kona kali, na wapo wanaosema mpaka sasa kwamba haikufaa. Lakini nyimbo nyingi za aina ile zilikuwa zimelala kabatini, na ni yeye aliyezirudisha jukwaani. Wenye sauti nyepesi walikuwepo, hawakuziamsha.

Haya, na binti wa kwaya? Aliimba. Siyo kwa sababu upande mmoja ulishinda. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema, "Mleteni kwangu." Kwa wiki mbili walikaa nyuma ya nyumba, ulimi unapelekwa kwenye meno, la, le, li, lo, lu, kama watoto wa madrasa. Unene wa sauti hakuugusa. "Hiyo kaumbwa nayo," alisema. "Lakini maneno si yake. Maneno ni ya wenyewe, ayafikishe." Siku ya harusi nyimbo mbili zilikwenda vizuri; ya tatu L ikateleza, wazee wakatazamana. Wanawake walikwenda kumtunza hivyo hivyo.

Mimi nachukua msimamo, nisije nikaambiwa nimekimbia. Sauti nene au nyembamba, ya ngoma au ya udi, hiyo si sababu ya kumfungia mtu mlango. Historia ya taarabu ni historia ya watu walioambiwa hawafai wakaibeba hata hivyo, kuanzia Siti mpaka sisi wa ziwani. Lakini wanaosema "kila mtu aimbe anavyojisikia" nao sikubaliani nao. Vidole vinne vya shangazi ni elimu, na elimu hii haijaandikwa popote. Kufaa hakuko kooni, kuko katika kazi ya kujifunza neno mpaka lifike kwa mwenzako likiwa zima.

Waliokuwa wanaujua ubishi huu wametawanyika: Buyenzi, Kigoma, Ulyankulu, wengine Marekani na Kanada. Kila mzee akifariki, mizani moja inazikwa naye. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama una bibi aliyewahi kusema "huyu hajui kuimba", usimkatishe. Muulize kwa nini, umwache ahesabu kwa vidole, nawe andika. Na mwenye kaseti za harusi za Rumonge, hata kama utepe umeliwa, asizitupe.