Picha ya ubongo ikitoka safi, bado msikize mgonjwa

Wiki jana binamu yangu alipigwa MRI ya kichwa. Majibu: kila kitu sawa. Kufika jioni, familia yote ilikuwa imeshaamua ni stresi, ati apunguze simu. Na mkono bado unamfa ganzi! Nilikasirika, nikaingia kusoma historia.

Nikapatana na George Gershwin, mtunzi wa muziki wa Marekani. Mwaka wa 1937 kichwa kilimsumbua vibaya, akawa anasikia harufu ya mpira unaoungua na hakuna moto popote. Mwezi wa Juni alilazwa hospitali Los Angeles siku chache, akarudishwa nyumbani na maandishi kwamba huenda ni histeria. Yaani ni mambo ya kichwa chake tu. (Tuseme ukweli, alikataa kutolewa maji ya uti wa mgongo apimwe.) Tarehe 11 Julai akafa, akiwa na miaka 38. Ilikuwa uvimbe kwenye ubongo.

Utasema enzi hizo hakukuwa na skani. Sawa. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa alipigwa London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, injinia wa EMI, wale wale waliokuwa wanatoa rekodi za Beatles. Shida ikaisha hapo? Wapi!

2009, New York. Susannah Cahalan, mwandishi wa gazeti, miaka 24, anaanza kushuku kila mtu, anapata kifafa. MRI iko safi. Daktari mmoja anasema ni pombe na kukesha. Baadaye Dkt. Souhel Najjar anampa karatasi tu, achore saa. Nambari zote 12 anazirundika upande wa kulia. Hapo ndipo daktari alijua upande mmoja wa ubongo una moto. Kinga za mwili wake zilikuwa zinashambulia ubongo, ugonjwa uliokuwa umeelezwa 2007 tu, na wagonjwa wake wengi MRI yao haionyeshi kitu. Alitibiwa, akapona, akaandika kitabu.

Sisemi binamu ana ugonjwa huo, mimi si daktari. Lakini picha safi inasema kile haikuona, haisemi mtu anaigiza.

Sasa tumenunua kijitabu. Anaandika ganzi inaanza saa ngapi, vidole gani, inakaa muda gani. Jumatatu tunarudi kliniki, na mimi ndiye nabeba CD.