Strungi Si Umaskini
Nani alitufundisha kwamba chai bila maziwa ni ya watu waliosota? Neno "vegan" lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, lakini kiamshakinywa chenyewe kilikuwa hapa kitambo. Wimbi limelimwa Afrika Mashariki kwa maelfu ya miaka, na uji wake huiva kwa maji tu. Mbaazi zilivuka bahari kutoka India. Pwani zikakutana na tui la nazi, mahamri kando. (Wakalenjin walikuwa na mursik yao, tusidanganyane.) Kisha mwaka 1903 majani chai yakapandwa Limuru, na polepole chai ya maziwa ikawa ndiyo chai. Leo hebu agiza strungi kibandani: mama atakuuliza kama mshahara umechelewa.