Furu wa Ziwa Victoria: Waliopotea nyumbani, wakahifadhiwa ugenini

Kila afugaye samaki wa mapambo wa jamii ya siklidi hufika siku akawahesabu samaki wake na kukuta hesabu imepungua. Hakuna mzoga unaoelea juu ya maji wala uliolala chini ya mawe. Wenye uzoefu wa ufugaji huo huanza kwa maswali yaleyale. Je, samaki ameruka nje kwa kuwa tangi halikufunikwa? Je, ni jike aliyejificha akiatamia mayai kinywani? Je, alikufa, na wenziwe wakammaliza kabla ya kupambazuka? Au ndani ya tangi mumetiwa mgeni mkubwa, mwenye kinywa kinachoweza kummeza mdogo?

Kuanzia miaka ya 1980, maswali ya namna hiyo yaliulizwa kuhusu Ziwa Victoria, ambako mamia ya aina za siklidi zilitoweka katika muda usiozidi miaka kumi. Tofauti ni kwamba ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, linagawanywa na nchi tatu, na baadhi ya samaki waliotoweka humo walikuja kuonekana baadaye ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani.

Utajiri wa samaki wadogo

Nchini Tanzania samaki hao huitwa furu, Waluo wa Kenya huwaita fulu, na Waganda huwaita nkejje. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Kwa wavuvi na walaji walikuwa samaki wa kawaida, wenye miiba mingi na bei ndogo, wanaoanikwa juani na kuliwa na watu wa kipato cha chini. Baadhi ya maafisa wa serikali za kikoloni waliwahesabu kuwa ni samaki wasio na thamani.

Kwa wanasayansi, hata hivyo, furu walikuwa ajabu. Inakadiriwa kuwa ziwa hilo lilikuwa na aina zaidi ya 500, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wapo waliokwangua mwani juu ya mawe, waliovunja konokono kwa taya, waliokula wadudu na waliowinda samaki wenzao. Wapo hata walioishi kwa kuyanyonya mayai na watoto kutoka vinywani mwa majike wa aina nyingine. Uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kuwa Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo aina hizo zote zilijitenga katika muda ambao, kwa hesabu za maumbile, ni mfupi mno.

Kazi ya kuwatambua ilifanywa kwa sehemu kubwa na Humphry Greenwood, mtaalamu wa Uingereza aliyefanya utafiti mjini Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950. Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza, nacho kikaendelea kugundua aina ambazo hazikuwa na jina. Mmojawapo, mwenye dume la rangi nyekundu anayeishi kwenye miamba, alipewa mwaka 1985 jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 samaki huyo aliwekwa katika kundi lililopewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kutokana na mistari ya miili yao.

Mgeni mwenye kinywa kikubwa

Wakati watafiti wa Leiden wakiandika orodha yao, mgeni alikwisha kuwamo ziwani. Huyo ni sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta na Uganda mputa. Samaki huyu anaweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, na hakuwamo katika Ziwa Victoria kabla ya karne ya 20.

Wazo la kumleta lilitokana na upungufu. Nyavu za kisasa zilizoingizwa mwanzoni mwa karne hiyo zilikuwa zimempunguza ngege, aliyependwa kuliko samaki wote wa ziwa hilo. Baadhi ya maafisa walidhani kuwa samaki mla nyama angewageuza furu, walioonekana hawana faida, kuwa minofu mikubwa ya kuuzwa. Onyo lilikwisha kutolewa mapema: Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa uvuvi wa mwaka 1927 na 1928, aliandika kwamba kuingiza samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kina kungekuwa hatari kubwa. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, alirudia hoja ya kupinga mpango huo.

Wakati huo sangara alikuwa ameshatiwa majini. Mwaka 1954 alipandikizwa huko Jinja bila kutangazwa, na mnamo 1962 na 1963 wengine waliongezwa rasmi upande wa Uganda na wa Kenya. Kwa karibu miaka 20 hakuna mabadiliko makubwa yaliyoonekana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla, kwanza upande wa Kenya na baadaye katika Ghuba ya Mwanza. Furu, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, walishuka hadi chini ya asilimia moja. Watafiti walikadiria kuwa aina zipatazo 200 zilikuwa zimepotea, nyingine kabla hazijapewa jina.

Washukiwa wengine

Lakini kama ilivyo ndani ya tangi, kumwona mla nyama hakumalizi uchunguzi. Katika miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilikuwa zikivua furu kwa wingi huko Mwanza ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo, na idadi yao ilikuwa imeanza kupungua mahali hapo kabla sangara hawajaenea. Aidha, mbolea na udongo kutoka mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, vilistawisha mwani. Mwani uliooza ulimaliza oksijeni katika maji ya kina, na maji yakawa na ukungu.

Ukungu huo ulikuwa na madhara yasiyotarajiwa. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kuwa majike wa furu huchagua dume wa aina yao kwa kuitazama rangi yake. Katika maabara, jike alipowekwa chini ya taa ya rangi ya chungwa inayoficha tofauti ya dume mwekundu na dume wa buluu, alishindwa kubagua. Vivyo hivyo, katika sehemu za ziwa zenye maji machafu, aina zilizokuwa zimejitenga zilianza kuchanganyika. Samaki wa namna hiyo hakuliwa na yeyote, bali ukoo wake ulipotea ndani ya ukoo mwingine.

Faida za sangara nazo haziwezi kukanushwa. Viwanda vya minofu vilijengwa katika nchi zote tatu, maelfu ya watu wakapata kazi, na serikali zikapata fedha za kigeni. Hata hivyo, furu alikaushwa kwa jua lisilolipiwa, ilhali sangara mwenye mafuta mengi alihitaji moshi, na moshi ulihitaji kuni. Minofu ilipopelekwa Ulaya, wengi waliobaki kando ya ziwa walinunua mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Kimbilio la kioo

Katika kipindi hicho cha maafa, baadhi ya watafiti waliamua kuwachukua furu wakiwa hai. Wengine walipelekwa Leiden, na wengine Marekani kwa juhudi za mtaalamu Les Kaufman wa Boston. Mwaka 1993 bustani za wanyama na nyumba za kuonyeshea samaki za Marekani zilianzisha mpango wa pamoja wa kuwazalisha. Watu binafsi wanaofuga samaki majumbani nao walipokea baadhi ya koo hizo. Hivyo samaki aliyekuwa akiuzwa kwa fungu katika magulio ya Mwanza alipata hifadhi sebuleni kwa mtu wa Ulaya au Marekani, ndani ya maji yanayosafishwa kwa umeme.

Hifadhi hiyo ina mipaka yake. Majike wa aina nyingi hufanana mno, na aina mbili zikiwekwa pamoja huzaa machotara. Samaki wachache wakizaliana wao kwa wao, vizazi hudhoofika. Bustani ya wanyama hubadili mipango, na mfugaji huzeeka au huhama. Dume mwenye rangi za kupendeza hupata wanunuzi, wakati ndugu yake wa rangi ya kijivu hukosa wa kumtunza. Kwa njia hiyo samaki aliyeokolewa ziwani anaweza kupotea mara ya pili, bila mtu kuandika tarehe.

Kurejea kwa baadhi

Kuanzia miaka ya 1990, uvuvi mkubwa ulipowapunguza sangara, baadhi ya aina za furu zilianza kuonekana tena ziwani. Watafiti waligundua kuwa baadhi yao walikuwa wamebadilika, wakiwa na viungo vya kupumulia vilivyo vikubwa zaidi, vinavyofaa maji yenye oksijeni haba. Aina nyingine nyingi hazikurejea. Kwa sababu hiyo, hata koo zilizosalimika ugenini haziwezi kumwagwa tu ziwani: ziwa lililowazaa wazazi wao halipo tena katika hali ile, na sangara bado wamo.

Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa nchi tatu mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, liliundwa ili uamuzi kuhusu maji hayo usifanywe tena na upande mmoja kwa siri. Kwa upande mwingine, katika maduka ya samaki wa mapambo ya nchi za Magharibi, jina la Mwalimu na jina la punda milia huandikwa kwenye vibandiko vya matangi, na mara nyingi huongezwa jina la kisiwa cha Ghuba ya Mwanza alikotoka ukoo huo. Wafugaji makini hawakubali kumnunua samaki asiye na jina hilo la kisiwa, kwa kuwa likishapotea, hakuna tena awezaye kusema samaki huyo ni wa wapi.