Mhandisi aliyeshindwa kuongoza mkutano



Leo naomba tuweke tarakilishi kando kidogo. Nataka kuzungumzia ugomvi, na namna ya kuongoza watu wanaogombana bila wewe mwenyewe kuwa mgomvi wa kwanza. Usiondoke lakini. Kabla hatujamaliza utaona kwamba bado tuko kwenye mambo yetu ya programu.

Kisa kilianza Jumamosi moja alasiri. Wakazi wa mtaa wetu hapa Nairobi tulikutana kuhusu pampu ya maji iliyoharibika. Swali lilikuwa moja tu: tutumie pesa za akiba kuitengeneza, au tununue mpya? Akahitajika mtu wa kuongoza. Mzee mmoja akaninyoshea kidole. "Huyu kijana ni mtu wa kompyuta. Hana upande." Watu wakapiga makofi, nami kwa ujinga wangu nikakubali.

Baada ya dakika kumi tulikuwa tumeshasahau pampu. Mmoja alileta habari ya mshahara wa mlinzi. Mwingine akauliza michango ya mwaka uliopita ilikwenda wapi. Mweka hazina akasimama kujibu, akakatizwa, akaanza upya, akakatizwa tena. Mimi nilikuwa nikipaza sauti, "Tafadhali! Tafadhali!" kama kondakta wa matatu aliyekosa abiria. Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikasema maoni yangu mwenyewe kuhusu pampu. Mama mmoja akacheka kwa uchungu. "Kumbe hata mwenyekiti ana timu yake." Mweka hazina akaweka daftari la hesabu mezani, akaenda zake nyumbani. Mkutano ukaisha bila mtu kutangaza kwamba umeisha.

Matokeo yake tulinunua maji kwa mitungi wiki baada ya wiki, ilhali pesa za kutengeneza pampu zilikuwepo benki. Nilipoambiwa kwamba mkutano wa pili nitauongoza tena mimi, nilianza kutafuta kama kuna mtu duniani aliyewahi kuaibika hivyo kabla yangu. Yuko. Jina lake Henry Martyn Robert.

Robert alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la South Carolina, Marekani. Alisomea chuo cha kijeshi cha West Point, akahitimu mwaka 1857 na kuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alikuwa New Bedford, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts uliosifika kwa uvuvi wa nyangumi. Huko aliombwa kuongoza mkutano kanisani. Alikuwa kijana ambaye hata miaka 30 hajafika. Hakujua lolote kuhusu uongozi wa mikutano, ila aliona haya kukataa. Akaketi kwenye kiti akitumaini Mungu atawafanya watu wawe wapole. Hawakuwa wapole. Mkutano ulimshinda kabisa, akatoka pale ameapa kutohudhuria mkutano mwingine mpaka ajue taratibu zake.

Unaona sasa kwa nini nilimpenda mara moja?

Alichofanya baadaye ndicho angefanya mtu yeyote wa ufundi. Hakuwalaumu watu kwa kuwa wakali. Alitafuta kanuni. Akapata chache katika kitabu kimoja, akazinakili kwenye kikaratasi, akakitia katika pochi yake: hoja ipi inatangulia ipi, ipi inajadiliwa na ipi haijadiliwi. Kwa miaka kadhaa alitembea na kikaratasi hicho.

Mwaka 1867 alihamishiwa San Francisco. Mji huo ulikuwa umejaa watu kutoka kila pembe ya Marekani, na hapo akagundua jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa hiki. Watu wale hawakuwa wakigombana kwa sababu ya mada peke yake. Kila mmoja alikuja na desturi za mikutano za kwao, akiamini kwa moyo safi kwamba hizo ndizo sheria, na kwamba anayefanya vingine anadanganya. Vitabu vya mwongozo vilikuwepo. Thomas Jefferson, aliyeongoza Seneti akiwa Makamu wa Rais, alichapisha mwongozo wake mwaka 1801 akifuata desturi za Bunge la Uingereza. Luther Cushing wa Massachusetts akatoa wake katika miaka ya 1840. Lakini vitabu hivi navyo havikukubaliana katika kila jambo. Ni kama kompyuta mbili zinazozungumza kwa itifaki tofauti. Zote ni nzima, hakuna iliyoharibika, ila hazielewani.

Robert akaanza kuandika. Mwaka 1869 alichapisha kijitabu kidogo kwa ajili ya vikundi alivyokuwa mwanachama. Kisha mwaka 1874, akiwa Milwaukee, baridi kali ilisimamisha kazi za uhandisi, naye akapata miezi ya kuandika kitabu kizima. Mchapishaji wa kwanza alikikataa. Akalipa mwenyewe kuchapisha nakala 4,000, kitabu cha kurasa 176, na kampuni ya Griggs ya Chicago ikakubali kukiuza baada ya yeye kukubali kutoa nakala 1,000 bure. Kilitoka Februari 1876. Alidhani nakala zile zingetosha kwa miaka miwili. Ziliisha katika muda wa miezi minne. Jaladani kiliandikwa *Robert's Rules of Order*, na kwa jina hilo kinajulikana mpaka leo.

Sasa tuingie ndani ya mashine yenyewe.

Kanuni ya kwanza: jambo moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kitu analeta hoja, mwingine anaiunga mkono, mwenyekiti anaitamka upya ili kila mtu ajue kinachojadiliwa. Kabla ya hapo hakuna mjadala. Mkutano wangu uliharibika hapahapa. Hatukuwa na hoja hata moja mezani, tulikuwa na malalamiko manane.

Kanuni ya pili ndiyo itakayomfurahisha mwanaprogramu. Fikiria rundo la sahani. Sahani ya mwisho kuwekwa juu ndiyo ya kwanza kuondolewa. Hoja kuu iko chini: tutengeneze pampu. Mtu anataka kuirekebisha: tuitengeneze kwa gharama isiyozidi kiasi fulani. Hiyo inakaa juu. Mwingine anataka jambo zima lipelekwe kwa kamati. Nayo inakaa juu ya hizo mbili. Mkutano unaamua ya juu kwanza, kisha unashuka moja moja mpaka chini. Kila aina ya hoja ina cheo chake, na yenye cheo cha chini haiwezi kuwekwa juu ya yenye cheo cha juu. Tena rundo lina kikomo: unaweza kurekebisha hoja, na kurekebisha marekebisho, lakini hapo basi. Marekebisho ya marekebisho ya marekebisho hayaruhusiwi. Wewe uliyewahi kuandika programu inayojiita yenyewe bila mwisho mpaka kompyuta ikaganda, unajua kwa nini.

Kanuni ya tatu ni ya zamu. Kila mtu anazungumza na mwenyekiti, si na mwenzake. Aliyekwisha kuzungumza hapewi nafasi ya pili wakati yupo ambaye hajazungumza na anataka kuzungumza. Katika hoja moja, siku moja, kila mtu ana nafasi mbili, za dakika kumi kila moja, isipokuwa mkutano wenyewe uamue vingine. Na unaruhusiwa kuisema hoja upendavyo, lakini huruhusiwi kusema nia ya aliyeileta. "Mpango huu ni ghali" ni sawa. "Unataka pampu mpya ili upate chako" hairuhusiwi. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Robert aliiweka hekima hiyo katika kanuni.

Je, wengi wakichoka kusikiliza? Wanaweza kufunga mjadala, lakini kwa thuluthi mbili ya kura, si nusu na mmoja. Wengi wana haki ya kuamua, wachache wana haki ya kusikika kwanza.

Kanuni iliyonishika koo ni hii: mwenyekiti naye amefungwa. Akitaka kutoa maoni yake, aondoke kwenye kiti, ampe mtu mwingine. Na akitoa uamuzi wa utaratibu usioridhisha, mjumbe yeyote anaweza kukata rufaa, mwingine akimuunga mkono, na mkutano wenyewe unapiga kura kama uamuzi ule usimame au uanguke. Katika lugha yetu ya kompyuta, msimamizi wa mfumo naye ni mtumiaji. Hana mlango wa nyuma.

Robert hakukiacha kitabu kilivyokuwa. Watu walimwandikia barua kwa mamia: kulitokea hivi katika chama chetu, kanuni inasemaje? Kila barua ilimwonyesha hitilafu, mahali kitabu kilipokuwa kimya au kilipokuwa na utata. Alitoa toleo la pili mwaka uleule wa 1876, la tatu mwaka 1893, na mwaka 1915 akatoa toleo lililoandikwa upya kwa sehemu kubwa. Alifariki mwaka 1923, lakini wengine wakaendelea na kazi, na toleo la 12 lilitoka mwaka 2020. Kijitabu cha mfukoni sasa ni buku la mamia ya kurasa. Kila mwenye programu ya zamani anaujua ugonjwa huo.

Wala tusimfanye mtakatifu. Kanuni nyingi zinaweza kuwa rungu mkononi mwa anayezijua dhidi ya asiyezijua. Bunge letu la Kenya lilirithi taratibu zake kutoka mti uleule wa Uingereza, na yeyote aliyewahi kufuatilia vikao vyake anajua kwamba mtu anaweza kusimama na kudai "hoja ya nidhamu" bila kuwa na nidhamu yoyote anayoitetea, bali anataka tu kumkatiza mwenzake. Kanuni hazimfanyi mtu kuwa mwema. Zinafanya ubaya wake uonekane, na uchukue dakika chache.

Kuna jambo jingine katika maisha ya Robert ambalo siwezi kuliacha. Mwezi Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, Texas, kikaua watu wasiopungua 6,000. Robert, aliyestaafu mwaka 1901 akiwa brigedia jenerali, alikuwa mmoja wa wahandisi watatu walioombwa kupanga ulinzi wa mji. Walipendekeza ukuta wa bahari wenye urefu wa futi 17 kwenda juu. Ulianza kujengwa mwaka 1902. Kimbunga kingine kikubwa kilipokuja mwaka 1915, mji ulioko nyuma ya ukuta haukufagiliwa kama mara ya kwanza.

Yaani mwaka ule ule wa 1915 kulitoka kitabu chake kipya, na ukuta wake ukajaribiwa. Kazi zote mbili ni moja: jenga wakati bahari imetulia. Mimi nilijaribu kujenga wangu maji yakiwa kiunoni.

Katika mkutano wa pili nilikuja na karatasi moja. Kabla ya neno lolote kuhusu pampu, niliomba tukubaliane juu ya mambo matano: hoja moja kwa wakati, asiyezungumza atangulie, dakika tatu kila mtu, hakuna kutaja nia ya mwenzako, na mwenyekiti anaweza kupingwa. Watu walipiga kura, wakayapitisha. Mweka hazina alikuwa ameketi nyuma kabisa, kimya.

Nusu saa baadaye alinyosha mkono kuzungumzia hesabu za mwaka uliopita. Nikamwambia hilo haliko mezani. Akasimama. "Mwenyekiti, napinga uamuzi wako. Hatuwezi kujua kama pampu tunaimudu bila kuona hesabu." Yule mama wa "timu yake" akamuunga mkono. Nikaitisha kura.

Nilishindwa, 19 kwa 6. Akafungua daftari, akasoma hesabu mstari kwa mstari, na hakuna aliyemkatiza. Kisha tukarudi kwenye pampu.