Haploidi Rudufu: Istilahi Yenye Shamba Lake Makueni

Mwanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, anaposoma habari za kromosomu, asidhani kwamba utafiti wa habari hizo unafanyika ng'ambo tu. Katika kaunti jirani ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kuna kituo cha utafiti cha Kiboko. Hapo, Septemba 2013, shirika la CIMMYT, linalotafiti mahindi na ngano, lilifungua maabara na mashamba ya kuzalisha mahindi ya aina ambayo makala haya yanaiita haploidi rudufu.

Tuanze na kromosomu. Ni nyuzi zilizomo ndani ya kiini cha seli, zilizoundwa kwa DNA na protini, na ndizo zinazobeba jeni. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1888 na Mjerumani Waldeyer kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, rangi na mwili, kwa kuwa nyuzi hizo hunywa rangi ya maabara zikaonekana chini ya hadubini. Kiswahili kimelikopa neno na kuliacha wazo la rangi, na ni vyema, kwani kromosomu yenyewe haina rangi ya kujulikania.

Kila spishi ina idadi yake. Kunde, ndengu na mbaazi, mazao yanayolisha Ukambani, yana kromosomu 22. Mahindi na mtama yana 20. Mbuzi ana 60 na binadamu 46, hesabu ambayo watafiti Tjio na Levan waliithibitisha nchini Uswidi na kuichapisha mwaka 1956. Wingi wake si kipimo cha ubora. Lililo muhimu ni kwamba kromosomu hizi huwa katika seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Seli yenye seti mbili huitwa diploidi. Yenye seti moja, kama chembe ya uzazi ndani ya chavua, ni haploidi. Kwa hiyo mhindi wa kawaida una kromosomu 20, na mhindi haploidi una 10.

Mtafiti ana haja gani na mmea wenye seti moja? Mbegu chotara hupatikana kwa kukutanisha wazazi wawili safi, yaani mimea ambayo seti zake mbili zinafanana jeni kwa jeni. Zamani mzazi safi alipatikana kwa kuuchavusha mhindi kwa chavua yake wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa misimu sita hadi minane. Katika nchi ambayo mvua ya vuli ikikosekana ghala hubaki tupu, misimu minane ya kungoja ni mingi mno.

Njia ya mkato huanza kwa mhindi maalumu unaoitwa kichochezi. Chavua yake inapoangukia nywele za hindi la mhindi mwingine, punje nyingi hutungwa kawaida, lakini chache, pungufu ya 15 katika kila 100, hupata kiinitete chenye kromosomu za mama peke yake. Kichochezi kina jeni inayotia punje zambarau. Mchambuzi huishika punje na kuitazama. Ikiwa zambarau imeenea utosini na kwenye kiinitete, ni diploidi, naye huiweka kando. Ikiwa utosi ni zambarau na kiinitete ni cheupe, baba hakuingia humo: hiyo ni haploidi.

Mhindi haploidi ukiachwa hivyo hukua mdogo, dhaifu, na kwa kawaida hauzai, kwa kuwa kromosomu zake hazina wenzi wa kupangana nao wakati wa kuunda chembe za uzazi. Ndiyo sababu mche mchanga hukatwa ncha na kutiwa katika dawa ya kolchisini. Dawa hii ni sumu, na anayeishughulikia hujikinga mikono. Kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike baada ya kromosomu kujinakili. Zilizokuwa 10 zinakuwa 20 katika seli ileile, na mmea unapata nguvu ya kuzaa. Mzazi safi hupatikana kwa misimu miwili au mitatu.

Mmea huo ndio haploidi rudufu. Sasa jina lake. Wapo watakaopenda kusema haploidi maradufu, na si kosa. Lakini maradufu hutaja wingi tu: mshahara ukiongezwa maradufu, hatuulizi noti za pili zinafanana vipi na za kwanza. Rudufu hutaja kunakili, kama tunavyosema nakala rudufu. Katika mmea huu seti ya pili ni nakala ya ile ya kwanza, wala haikutoka kwa mzazi mwingine, na usafi wake wote unatokana na hilo.

Istilahi iliyo wazi inamsaidia hata mkulima. Kenya ilipiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa kijenetiki mwaka 2012, na serikali ilipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, mabishano yalifika mahakamani. Katika joto hilo ni rahisi kila mbegu ya maabara kutiwa kapu moja. Haploidi rudufu haikupachikwa jeni ya kiumbe kingine. Jeni zake ni za mahindi, zilizokuwamo tangu mwanzo; kilichobadilishwa ni idadi ya seti, ikapunguzwa kisha ikarudishwa.

Walimu wa biolojia, maofisa wa kilimo na watangazaji wa redio wa Kitui na Makueni, litumieni jina hili, na kila mnapolitaja kwa mara ya kwanza lielezeni kwa sentensi moja: mmea uliozaliwa na seti moja ya kromosomu, kisha seti hiyo ikanakiliwa. Mkulima anayenunua mbegu ana haki ya kujua ilivyopatikana, na ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa.