Mtoto wa Rikidozan

Miaka ya 1950, Wajapani walijaa mitaani kumtazama Rikidozan kwenye televisheni zilizowekwa hadharani. Ndiye aliyeifanya mieleka ya kulipwa ipendwe nchi nzima. Desemba 1963 alichomwa kisu katika klabu ya usiku jijini Tokyo, na wiki moja baadaye akafariki. Mwanawe Mitsuo Momota alikuwa na miaka 15.

Mwaka 1970 Mitsuo naye akapanda ulingoni. Alikuwa mdogo wa mwili, na jina la baba halikumwongezea hata kilo moja. Giant Baba, mwanafunzi wa Rikidozan, alipoanzisha All Japan mwaka 1972, Mitsuo alimfuata. Huko akawa mtu wa mapambano ya utangulizi, watazamaji wakiwa bado wanatafuta viti.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 40, alitwaa mkanda wa dunia wa uzito mdogo. Miezi michache baadaye Masanobu Fuchi akauchukua, na Mitsuo akarudi kwenye utangulizi.

Tumezoea kumpima mtoto kwa kimo cha baba. Lakini Rikidozan alicheza mieleka kwa miaka 12. Mitsuo alicheza zaidi ya 40.